Riwaya Yako Ikitoka: Namna ya Kuizindua na Kuiuza Unguja na Pemba

Riwaya yangu ya kwanza niliizindua kwa pilau. Ukumbi ulijaa, mgeni rasmi alifika baada ya kungojewa saa mbili, na watu zaidi ya mia mbili walikula wakashiba. Usiku, nilipofunga hesabu, nilikuta nimeuza nakala 19. Wengine wote walinishika mkono wakaniambia, “Hongera sana, tutakitafuta,” na waliyasema hayo kwa nia njema. Nakala 481 zilirudi nyumbani, nikalala nazo chumba kimoja mwaka mzima.

Riwaya ya pili niliishughulikia vyengine. Fedha sikuwa nazo zaidi, wala jina langu halikuwa limekua. Nilichobadilisha ni utaratibu: safari hii kitabu kilisomwa kwanza, kikazinduliwa baadaye. Waliokuja siku ya uzinduzi walikuwa wamekwishasikia habari zake barazani, na baadhi yao walikuja mahsusi kunidai maelezo juu ya mhusika mmoja waliyemwona kakosa. Hao ndio wanunuzi. Mwongozo huu nimeuandika kwa kufuata utaratibu ule, kwa ndugu mwandishi ambaye muswada wake umekwisha na sasa anajiuliza aanzie wapi.

Hatua ya 1: Usitaje tarehe mpaka nakala ziwe ndani ya nyumba

Mpiga chapa atakwambia wiki tatu. Wewe hesabu miezi miwili. Vitabu vyetu vingi huchapwa Dar es Salaam, na tangu kiwandani hadi bandari ya Malindi mambo ni mengi: karatasi zimekwisha, kazi ya vitabu vya skuli imepita mbele yako, umeme umekatika, boti imejaa. Mwandishi aliyekwisha kugawa kadi za mwaliko huku nakala ziko njiani hapati usingizi, na mara nyengine huzindua jalada tupu.

Hamu ya msomaji ina siku zake. Oktoba 2021, Abdulrazak Gurnah alipotunukiwa Nobel ya Fasihi, nami nilikuwa mmoja wa waliozunguka mjini kuulizia riwaya zake kwa Kiswahili. Hazikuwapo. Tafsiri ya mwanzo ya Kiswahili ilitoka 2022. Jina kubwa kama lile huweza kusubiriwa. Langu na lako halisubiriwi, kwa hiyo siku mtu atakapouliza kitabu, kiwe mkononi.

Kabla ya kuruhusu kazi yote ichapwe, dai nakala moja ya mfano iliyofungwa kamili, na jalada lake. Ikague hivi. Kwanza hesabu kurasa, moja moja, mpaka mwisho. Kitabu huchapwa kwa mafungu, aghalabu ya kurasa 16, yakakunjwa na kupangwa. Fungu moja likirukwa, msomaji atatoka ukurasa wa 96 aangukie wa 113, naye atadhani ndivyo ulivyoandika. Halafu ifungue katikati, ubonyeze mgongo mpaka kitabu kilale juu ya meza, ukiache dirishani penye jua tangu asubuhi hadi adhuhuri, kisha uvute karatasi moja. Ikitoka, gundi haifai. Mie sikufanya hivyo mara ya kwanza. Masika yalipoingia kurasa zikaanza kudondoka, na wasomaji wakanirejeshea vitabu vimefungwa kwa mpira. Kampuni iliyonichapia ilisema ni hewa ya bahari. Hewa ya bahari ilikuwapo tangu zamani. Gundi ndiyo iliyokuwa nyembamba.

Mizigo ikifika, usiiweke sakafuni wala usiiegemeze ukutani. Kuta za mawe na chokaa za Mji Mkongwe zinanyonya maji, na hata nyumba za matofali huku kwetu hutoa unyevu mwezi wa nne. Panga mabunda juu ya mbao, acha nafasi ya shubiri moja toka ukutani, na kila bunda liwe ndani ya nailoni. Mchwa nao uwaangalie kila wiki.

Mambo mawili ya ofisini yamalizwe kabla jalada halijachapwa. La kwanza ni ISBN, namba ya tarakimu 13 inayowekwa nyuma ya kitabu. Za Tanzania huanza na tarakimu kama 978-9976 au 978-9987, na hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Ukiipata baada ya kuchapa utakuwa unabandika vikaratasi kwenye nakala mia tano. La pili ni hakimiliki. Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2003 na ofisi yake, na Bara wana sheria yao ya 1999 na ofisi yao. Ukikusudia kuuza pande zote mbili, usidhani karatasi ya upande mmoja inakutosheleza. Ulizia kote.

Na kama una hamu ya tuzo, kama ile Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, soma masharti kabla hujachapa. Ziko tuzo zinazotaka muswada ambao haujatoka, na ukishachapa mlango huo umejifunga.

Hatua ya 2: Bei

Hesabu hii uifanye kwa kalamu, usiifanye kichwani. Chukua mfano: umechapa nakala 500, kila moja kwa shilingi 6,000. Umetoa 3,000,000. Bei ya kuuzia umeweka 15,000, na duka linataka asilimia 30, yaani 4,500. Kinachorudi kwako ni 10,500. Ili urejeshe zile milioni tatu peke yake, lazima uuze nakala 286. Ukigawa bure nakala 60, unazo 440 za kuuza. Kwa hiyo faida yako yote iko katika zile 154 za mwisho, na nauli ya Pemba bado hujaitoa. Ukishayaona haya kwenye karatasi utaacha kumgawia kila binamu.

Bei iendane na noti. Shilingi 15,000 ni noti ya elfu kumi na ya elfu tano, mtu anatoa anaondoka. Shilingi 13,500 inataka chenji, na watu huondoka wakati chenji inatafutwa.

Hatua ya 3: Wasomaji kumi wa mwanzo

Hii ndiyo hatua ninayoiamini kuliko zote. Wiki sita kabla ya uzinduzi toa nakala kumi, kumi tu, uwape watu ambao wakisema jambo mtaani husikilizwa. Sisemi wenye vyeo. Mwenye cheo ataliweka lile buku juu ya kabati, na siku ya uzinduzi atasoma hotuba aliyoandikiwa. Tafuta wenye baraza.

Mie nilichagua mwalimu wa Kiswahili wa sekondari, mkunga mstaafu, binti mmoja wa chuo kikuu, kondakta wa daladala, mama anayeshika daftari la kikundi cha hisa, muuza nguo wa soko la Darajani mjini, nahodha, shangazi yangu ambaye hajawahi kunisifu bure, kijana wa duka la simu, na fundi cherehani wa Kikwajuni ambaye baraza yake haikosi watu baada ya Alasiri.

Yule fundi mikono yake iko kwenye cherehani kutwa, nafasi ya kushika kitabu hana. Akampa mwanawe, aliye kidato cha pili, asome kwa sauti huku yeye anashona. Waliokuja kuchukua kanzu zao wakakaa. Muuza kahawa akatua deli lake pale. Sura ya tano ya riwaya ile mke anafunga virago na kuondoka wakati mumewe yuko baharini, na hapo baraza ikagawika: mzee mmoja akasema mwanamke yule kamvunjia mume heshima, mwengine akauliza mume mwenyewe alikuwa ameacha nini jikoni. Mtoto akaamrishwa arudie ukurasa ule, akaurudia mara tatu. Haya nilihadithiwa na fundi mwenyewe. Lakini wiki ile nilipokuwa napita njia ya sokoni, mtu nisiyemjua akanisimamisha: “Maalim, ati yule mke mwisho alirudi?” Nikamwambia kitabu kitatoka tarehe fulani. Siku ya uzinduzi alikuwa wa nne kwenye foleni.

Unapompa mtu nakala hii ya mwanzo, usimwombe akusifu. Mwambie, “Nakuomba unisomee, na uniambie ulipochoka.” Neno hilo humfungua. Anajua umemwamini, naye atasoma kama mtu mwenye dhamana. Mpe na tarehe. Bila ya tarehe, riwaya hushindwa na kila kitu, hata na mpira wa jioni.

Kila aliyekwambia alipochoka, andika. Kitabu kimekwisha kuchapwa, huwezi kubadilisha kitu, lakini utajua ukurasa upi usiusome mbele za watu.

Hatua ya 4: Siku, saa na mahali

Mwezi wa Ramadhani uuache, na siku za Sikukuu vilevile. Masika, tangu Machi hadi Mei, mvua itakufungia watu majumbani. Ijumaa mchana haifai. Kipindi cha mitihani walimu hutawapata, na walimu ndio nusu ya wasomaji wetu. Februari mji hujaa wageni wa tamasha la muziki la Sauti za Busara, bei za kumbi hupanda na vipaza sauti vyote vimekodiwa. Kwa riwaya ya Kiswahili sioni faida yake. Julai ni mwezi mzuri: masika yamekwisha, hewa ni ya kusi, na tarehe 7 ni Siku ya Kiswahili Duniani, ambayo UNESCO iliitangaza 2021. Vyombo vya habari siku hizo vinatafuta habari za Kiswahili, na wewe unayo. Usiweke tarehe 7 yenyewe, kwa kuwa viongozi wote watakuwa kwenye sherehe rasmi. Weka siku tatu nne kabla.

Saa ni baada ya Alasiri. Anza saa kumi na nusu, umalize saa kumi na mbili. Magharibi haimngoji msemaji, na hilo ni jambo la kheri kwa mwandishi, maana hotuba zitapata mpaka wake bila ya mtu kukatwa kauli.

Mahali, chagua padogo patakapojaa. Watu sitini ndani ya chumba cha sitini wana joto la shughuli. Watu sitini ndani ya ukumbi wa mia tatu wanaonekana kama waliopotea. Maktaba Kuu pale Maisara, chumba cha mihadhara cha Chuo Kikuu cha Taifa, ua wa skuli uliyosoma, hata baraza pana ya jamaa yako inatosha. Ngome Kongwe pana haiba yake, lakini ni pa wazi na sauti inapotea, basi usipachukue bila ya fundi mitambo mzuri. Ukifanyia nje, mjulishe sheha, kiongozi wa mtaa, mapema na uulizie kibali cha vipaza sauti. Nenda mahali penyewe siku moja kabla, saa ile ile ya shughuli. Kaa kiti cha nyuma kabisa. Sikiliza feni. Mie feni moja ilininyima nusu ya wasikilizaji.

Hatua ya 5: Mgeni rasmi na mialiko

Mgeni rasmi si lazima awe kiongozi. Kwetu tumezoea hivyo, na sikatai kwamba kiongozi huleta kamera. Lakini mwalimu mstaafu aliyefundisha Kiswahili miaka thelathini akisimama na kitabu kilichopigwa mistari ya penseli, watu watanyamaza wamsikilize. Afisa wa BAKIZA, yaani Baraza la Kiswahili la Zanzibar, naye ni mtu wa kufaa, kwa kuwa lugha ndiyo kazi yake. Yeyote utakayemchagua, mpelekee kitabu mwezi mzima kabla, na ndani yake uweke karatasi kwenye sura moja, umwombe azungumzie sura hiyo. Atakuwa na la kusema, na hatalazimika kuanzia historia ya uandishi duniani.

Mkubaliane tangu mwanzo: ikifika saa kumi na nusu na robo hajafika, shughuli inaanza. Mwambie kwa adabu, kwa barua, na umweleze sababu kuwa ni Magharibi. Hakuna mtu mzima atakayeudhika kwa hilo.

Kadi si lazima siku hizi, ujumbe wa WhatsApp unatosha kwa vijana na rika lako. Wazee usiwaalike kwa ujumbe. Nenda nyumbani, bisha hodi, kaa kidogo, unywe chai ukipewa, kisha useme lililokuleta. Bi mkubwa aliyefuatwa mlangoni kwake huja, na haji peke yake.

Hatua ya 6: Redio na simu

Redio bado ndiyo inayoingia jikoni, madukani na kwenye daladala. Andika barua fupi kwa ZBC, shirika la utangazaji la Zanzibar, kwa Zenj FM na nyenginezo, uambatanishe karatasi moja tu: riwaya inahusu nini kwa sentensi mbili, wewe ni nani, uzinduzi lini na wapi, na maswali matatu ambayo mtangazaji anaweza kukuuliza. Mtangazaji ana vipindi vingi na hana nafasi ya kusoma kurasa mia mbili. Ukimpa maswali umemsaidia, na mazungumzo yatakwenda unakotaka. Chukua nakala mbili za kuwapa wasikilizaji watakaopiga simu. Gazeti la *Zanzibar Leo* nao wapelekee taarifa yao, imeandikwa kikamilifu, na picha ya jalada iliyo safi. Kwa Pemba, Radio Jamii Micheweni inasikilizwa sana upande wa kaskazini.

Kwenye simu, kitu kilichonisaidia kuliko picha ya jalada ni sauti. Nilirekodi dakika moja nikisoma kipande, usiku watu wamelala, shuka limetundikwa dirishani ili mwangwi upungue. Watu waliituma kwenye makundi ya ukoo mpaka ikanirudia kutoka Muscat kwa jamaa asiyejua kuwa ni mie.

Usimtumie mtu yeyote faili la kitabu kizima. Si mwandishi wa habari, si rafiki, si mhakiki. Mwenye haja ya kusoma mapema, mpe karatasi. Riwaya yangu ya kwanza nilimtumia mtu niliyemwamini, na ndani ya wiki ilikuwa kwenye makundi matatu. Walioisoma huko walinipongeza kwa moyo mweupe, hawakujua kuwa pana aliyekosa haki yake. Ukitaka kuonjesha, piga picha kurasa nne za mwanzo na useme wazi kuwa nyengine zimo kitabuni.

Hatua ya 7: Siku yenyewe

Meza ya vitabu iwe mlangoni, pale watu wanapoingilia. Wengi huiweka nyuma au pembeni, na mtu akishakaa hainuki tena. Waweke watu wawili mezani: mmoja anapokea fedha, mwengine anatoa kitabu. Wewe mwenyewe usiuze. Noti za elfu tano ziwe tayari, angalau ishirini. Namba ya kulipia kwa simu iandikwe kwa herufi kubwa kwenye kadibodi, pamoja na jina litakalotokea, ili mtu asisite. Na liwepo daftari, kwa sababu mtandao utagoma saa ile ile ya wingi wa watu. Aliyesema “nitatuma nikifika nyumbani” mwandike jina na namba, mpe kitabu. Nimewaandika watu kumi na mmoja kwa namna hiyo, na kumi walituma usiku ule ule.

Weka vikaratasi vidogo na kalamu. Kila anayetaka kutiliwa saini aandike jina lake mwenyewe kwenye kikaratasi, akiingize ndani ya jalada. Kwetu jina moja lina njia nyingi za kuandikwa: Khadija na Hadija, Thuwaiba na Suwaiba, Mwanakhamis na Mwanahamisi. Mtu akiliona jina lake limekosewa kwenye kitabu alichokinunua, huumia, na huwezi kukifuta. Saini kwa kalamu ya wino unaokauka upesi. Fungua ukurasa wa ndani wenye jina la kitabu, andika jina lake, neno moja la shukrani, tarehe na mahali. Mahali pana maana. Mtu aliyeandikiwa “Maisara” atakumbuka siku ile miaka ishirini.

Chakula kiwe baada, na kiwe kidogo: kahawa, kashata, halua, tende, basi. Pilau hula bajeti ya uchapaji na hugeuza mawazo ya watu tangu harufu ianze kuingia. Ukitaka muziki, mwite mpiga udi mmoja, apige watu wanapoingia na wanapotoka. Kikundi kizima cha taarabu ni furaha kubwa, lakini watu watatunza na kucheza, na kitabu kitasahaulika mezani.

Mshereheshaji mpe ratiba iliyoandikwa dakika. Dua ya ufunguzi, makaribisho, kisha usomaji, na usomaji uwe mapema, watu wangali wapya. Mgeni rasmi baada ya hapo. Maswali. Saini.

Sasa usomaji wenyewe, maana hapa ndipo kitabu kinapojiuza au kinapojifia. Chagua kurasa tatu, zisizidi. Pasiwe pa maelezo ya mandhari, hata kama ndipo unapopapenda. Chagua mahali watu wawili wanazungumza na kila mmoja ana analolitaka. Kichape kipande hicho peke yake kwa herufi kubwa, mistari imeachana, maana taa za kumbi zetu ni hafifu na mkono utatetemeka. Popote palipoandikwa “alisema” na “akajibu” pafute kama sauti yako inaweza kutenganisha wasemaji. Weka alama ya penseli kila penye pumzi. Kisha soma umesimama, kwa sauti kamili, mbele ya mtoto wa miaka kumi. Atakapoanza kutazama dirishani, hapo pana sentensi ndefu. Ikate. Ile ni karatasi yako ya kusomea, kitabu hakitakushitaki.

Simama pale panapouma. Mie nilisoma mpaka mke anaweka mkono kwenye komeo la mlango, mtoto wake anamwita kutoka ndani, nikakunja karatasi. Ukumbi ukapiga kelele. Bibi mmoja wa mstari wa mbele akasema, “We mwana, tumalizie!” Nikamjibu, “Bi, amemalizia ukurasa wa 71.” Waliinuka watu kwenda mezani kabla mshereheshaji hajashika kipaza sauti.

Katika maswali, mwombe mmoja wa wale wasomaji kumi asimame na kusema asilokubaliana nalo. Liwe la kweli. Mwalimu niliyempa nakala alisema mwisho wa riwaya umeharakishwa, akatoa sababu mbili, na moja ilikuwa ya haki. Watu wakamgeukia, wakabishana naye, na waliokuwa hawajasoma wakataka kuamua wenyewe.

Hatua ya 8: Kuanzia asubuhi yake

Funga hesabu usiku ule ule kabla hujalala: nakala zilizotoka, zilizolipwa, zilizo daftarini, zilizobaki. Asubuhi watumie salamu za shukrani mgeni rasmi, mshereheshaji, wenye ukumbi, na wale kumi mmoja mmoja.

Madukani utapeleka kwa mali kauli, yaani wauze kwanza walipe baadaye. Usiache zaidi ya nakala kumi duka moja. Andika hati mbili, idadi, bei na asilimia, mtie saini nyote wawili. Halafu rudi kila mwezi, mwenyewe. Duka halitakupigia simu kukuambia zimekwisha, na mara nyengine utazikuta zimefunikwa na madaftari ya skuli. Ziinue, zifute vumbi, zungumza na kijana wa kaunta, mpe nakala yake asome. Akishaisoma yeye ndiye muuzaji wako.

Maktaba wape nakala bila ya kusita. Skulini usiingie na begi la vitabu kama mchuuzi. Pitia Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali, pata ruhusa, uende kwa mwalimu mkuu, na uombe kipindi kimoja cha kuzungumza na wanafunzi juu ya uandishi. Kuuza kutakuja kwenyewe kupitia walimu. Ukikusudia kitabu kiingie kwenye vitabu vya ziada vya skuli, Taasisi ya Elimu Zanzibar ndiyo ya kuulizia utaratibu, na jiandae kwa subira ndefu.

Hatua ya 9: Pemba

Waandishi wengi wa mjini huhesabu Pemba kama tangazo: wanatuma nakala ishirini kwa boti, wanasema “tumefika Pemba.” Vitabu vile hukaa afisini kwa mtu. Pemba iendee mwenyewe, kwa siku tatu zisizopungua, na ufanye uzinduzi mwengine kamili, na wasomaji wake wa mwanzo waliopatiwa nakala wiki sita kabla. Usiwapelekee mabaki ya shughuli ya Unguja. Wanajua, na wana haki ya kukasirika.

Angalia msimu. Karafuu zikikubali, mwisho wa mavuno ndipo fedha inapokuwa mikononi mwa watu wengi kwa pamoja, kuanzia mchumaji hadi mwenye shamba. Wakati wa kuchuma wenyewe usiende, watu wako juu ya mikarafuu na majamvini wakianika. Ngojea mpaka wamekwisha kupima na kulipwa. Kabla hujapanga, mpigie mtu aliyeko huko umuulize mavuno yamefikia wapi, kwa maana hayafuati kalenda.

Boti itakushusha Mkoani. Mabunda yafungwe nailoni mara mbili na yakae karibu nawe, usiyaache sitahani. Lala Chake Chake, ufanye shughuli hapo siku ya pili, maktabani au skulini, na siku ya tatu uende Wete. Gari ndogo za abiria zinatosha kama mabunda ni mawili. Usipange mambo mengi kwa siku. Pemba mgeni hukaribishwa, na kukaribishwa kuna saa zake.

Mie Wete nilijifunza jambo ambalo sikulipata Unguja. Katika riwaya yangu yumo bibi wa Kipemba, na maneno yake niliyaandika kwa sikio la mtu wa mjini. Baada ya usomaji mama mmoja alinifuata, ameshika nakala aliyoinunua mwezi mmoja nyuma kwa mwalimu wa mwanawe. Alikuwa amekunja pembe za kurasa saba. Akanikalisha kwenye benchi, akafungua wa mwanzo, akaweka kidole: “Hapa, mwanangu, bibi huyu hasemi hivi. Huyu asema kama mtu wa Darajani.” Akanisomea alivyopaswa kusema. Tukaenda kurasa zote saba, mie naandika pambizoni kwa penseli, mpaka adhana ikatusimamisha.

Basi katika begi lako la safari weka nakala moja isiyouzwa, umeiandika jaladani “Marekebisho”. Kila kosa la chapa, kila neno lililokosewa, kila ukurasa ambao msomaji amekwambia alichoka, liingie humo na jina la aliyeliona. Chapa ya pili ikija, hiyo ndiyo utakayompelekea mpiga chapa. Yangu ina masahihisho 43, saba ya mama wa Wete, na chapa ya pili nilimpelekea nakala yake mkononi.